Likiharibika, Nani Atalitengeneza? Mwongozo wa Kusanifu Suluhisho la Kijamii kwa Jamii Moja Nchini Uganda

Nchini Uganda huhitaji kwenda mbali ili uone kitu kilichosanifiwa kwa nia njema ambacho hakitumiki tena: choo cha shule kilichogeuzwa ghala la mahindi, jiko banifu ambalo kuku wamelifanya kiota, pampu ya kisima iliyofungwa kwa mnyororo na kufuli kwa sababu hakuna aliyejua mahali pa kununua mpira mmoja uliochakaa. Aliyevileta alipiga picha siku ya uzinduzi, akaandika ripoti, akaondoka. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya vinginevyo: ofisa wa shirika dogo, mwalimu, mwanafunzi wa chuo, kiongozi wa kikundi cha akina mama au cha vijana, ambaye ana tatizo la kijamii mbele yake na anataka kulitatua kwa njia za usanifu, yaani kwa kuchunguza, kubuni, kujaribu na kurekebisha pamoja na wale wanaoumia.

Njia hizo si siri. Baraza la Usanifu la Uingereza lilizichora mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa umbo la almasi mbili: kwanza unapanua macho ili ulielewe tatizo, kisha unalibana mpaka ubaki na swali moja, halafu unapanua tena ili ukusanye mawazo, na mwisho unachagua moja na kulitekeleza. Mchoro huo unasaidia, nami nitaufuata kwa jumla. Upungufu wake kwetu ni kwamba unaishia kwenye utekelezaji, ilhali hapa kwetu sehemu ngumu huanza baadaye, siku kitu kinapoharibika. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba swali la matengenezo liulizwe siku ya kwanza na liendelee kuulizwa katika kila hatua: kikiharibika, nani atakitengeneza, kwa vipuri vya wapi na kwa fedha za nani?

Itaje jamii mpaka uweze kuihesabu

Huwezi kuwasanifia "wakimbizi", wala "wanawake wa vijijini", wala "vijana wa Kampala". Makazi ya Nakivale peke yake, katika wilaya ya Isingiro, yana Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda, na kila kundi lina lugha yake, chakula chake, na desturi zake kuhusu nani achote maji na nani asionekane akienda chooni. Wakongo wengi wa hapo huelewana kwa Kiswahili. Ukienda Bidi Bidi, wilayani Yumbe, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya watu wa Sudan Kusini, utasikia zaidi Kiarabu cha Juba na lugha za makabila yao. Kipeperushi kilichofaulu Nakivale hakiwezi kupelekwa Bidi Bidi kwa kubadilisha nembo tu. Hata Kiswahili chenyewe, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, kinahitaji kupimwa kabla ya kuchapishwa, maana msemaji aliyekulia Kivu, mashariki mwa Kongo, na yule aliyekisomea shuleni Kampala hawatumii maneno yaleyale kila mahali.

Basi libane kundi lako mpaka uweze kulihesabu kwa vichwa. Nitatumia mfano mmoja niliouunda kutokana na mambo ya kawaida ya makazi kama hayo, nao utatufuata hadi mwisho: kaya 60 za Wakongo, kama watu 300 hivi, zinazochota maji kwenye kisima kimoja chenye pampu ya mkono. Malalamiko yao ni kwamba foleni ni ndefu, na ombi lao ni kisima cha pili.

Ndani ya kaya hizo 60 wamo tena watu wa namna mbalimbali. Yuko mama mwenye mtoto mgongoni, msichana wa darasa la sita, mzee asiyeweza kunyanyua jerikeni ya lita 20, muuza maji mwenye baiskeli, mtunza kisima mwenye ufunguo, na pengine mtu anayetembea kwa magongo ambaye hawezi kupanda ngazi ya zege iliyozunguka pampu. Waandike wote kwenye karatasi moja, na mbele ya kila mmoja andika anachopata na anachopoteza hali ikibaki jinsi ilivyo. Yule anayepata kitu kutokana na tatizo usimfiche, kwa kuwa ndiye atakayekwamisha suluhisho asipohusishwa.

Ruhusa

Hatua hii ni fupi kuielezea, ingawa huenda ikachukua muda mrefu kuikamilisha. Katika kijiji cha kawaida unaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Katika makazi ya wakimbizi unapitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia makazi yote kupitia kamanda wa makazi, halafu viongozi wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, ambao huchaguliwa na wakimbizi wenyewe. Ukikusudia kufanya utafiti rasmi juu ya watu, unahitaji idhini ya kamati ya maadili na usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na ukichukua majina, picha au namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutaka upate ridhaa ya mhusika na umweleze utakavyozitumia. Usipige picha ya mtoto kwenye foleni kwa sababu tu mwanga ni mzuri.

Tazama kabla ya kuuliza

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na dodoso. Mtu anayekuja na karatasi na kuuliza, "Je, mngependa kupata kisima kingine?" atajibiwa ndiyo na kila mtu, nalo jibu hilo halitamfundisha chochote. Anza kwa kukaa. Fika kisimani kabla ya alfajiri, uwe na daftari na saa, ukae mahali ambapo hutazuia njia, na uandike nani anafika, saa ngapi, na jerikeni ngapi, anasubiri muda gani, anazungumza na nani, anaondoka akielekea wapi. Rudia siku ya soko, siku ya ibada, na siku ya mvua, kwa sababu mvua ikinyesha watu hukinga maji ya paa na foleni yote hubadilika.

Kisha fanya hesabu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, hukadiria kwamba pampu ya mkono inayotoa lita 17 kwa dakika inaweza kuhudumia watu wasiozidi 500, na kwamba foleni isizidi dakika 30. Watu wetu ni 300. Kwa kipimo hicho kisima kimoja kinatosha, na mfadhili atakayeombwa kisima cha pili atakuwa na haki ya kushangaa. Lakini daftari lako linaonyesha jambo ambalo wastani hauonyeshi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wapo watu 40, kila mmoja na jerikeni mbili za lita 20. Hizo ni lita 1,600, na kwa lita 17 kwa dakika mtu wa mwisho atasimama zaidi ya saa moja na nusu. Saa nane mchana pampu hiyohiyo imelala, hakuna mtu. Kwa hiyo kinachokosekana kisimani si maji. Watu wote wamesukumwa kwenye muda mfupi wa asubuhi, na kazi yako sasa ni kujua kilichowasukuma.

Hapo ndipo mazungumzo yanafaa. Uliza kuhusu jana, wala usiulize kuhusu maoni. "Shikamoo mama. Jana asubuhi ulipoamka, ulianza na nini?" Mama akijibu, "Mwanangu, nilianza kumwamsha huyu mkubwa akapange jerikeni," umepata kitu ambacho dodoso lisingekipata: jerikeni hupanga foleni kwa niaba ya mtu, na anayezilinda ni msichana anayepaswa kuwa njiani kwenda shule. Endelea taratibu. Kwa nini asiende jana yake jioni? Kwa sababu mtunza kisima hufunga kufuli saa kumi na moja. Kwa nini hufunga mapema hivyo? Kwa sababu wauza maji wa baiskeli walikuwa wakija usiku na kusukuma pampu kwa nguvu mpaka ikaharibika, na kamati haikuwa na fedha za kuitengeneza. Kwa maswali machache umetoka kwenye "tunataka kisima kingine" ukafika kwenye kufuli, baiskeli na mfuko mtupu wa matengenezo.

Usidharau kitu kinachoonekana kuwa ni ubishi wa wenyeji. Kwa miaka mingi katika sehemu mbalimbali za Uganda watu waliviacha visima vya pampu wakarudi kwenye chemchemi na vidimbwi, na baadhi ya wataalamu waliona kwamba wanahitaji kuelimishwa kuhusu usafi. Ukiketi na mpishi unaelewa haraka: maji yaliyotoka kwenye pampu yalikuwa mekundu kwa kutu, yalitia madoa kwenye nguo nyeupe, yalibadilisha rangi ya chai na ya chakula, na yalikuwa na ladha ya chuma. Chanzo kilikuwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo hulika yanapokaa ndani ya maji yenye tindikali. Mwaka 2016 wizara inayohusika na maji ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo kwenye pampu za mkono. Mama aliyekataa kupikia maharage maji yale alikuwa ameshafanya uchunguzi wa ubora kabla ya maabara.

Liandike tatizo upya kwa sentensi moja

Baada ya kutazama na kusikiliza, andika sentensi inayotaja nani, wapi, lini, kwa sababu gani, na utajuaje kwamba hali imebadilika. Katika mfano wetu itakuwa hivi: wasichana wa kaya hizi 60 huchelewa shule kwa sababu kisima hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na wauza maji wa baiskeli hushindana nao saa hizohizo, tutajua tumefaulu wasichana watakapofika darasani kabla ya kipindi cha kwanza. Isomee kamati na isomee akina mama. Wakisema sivyo, irekebishe papo hapo. Sentensi ambayo wenyeji hawaitambui kuwa ni yao haifai kubuniwa chochote juu yake.

Buni pamoja nao, mahali walipo

Kuna desturi ya kuwachukua "wawakilishi wa jamii" hadi hotelini mjini, wakapewa soda, daftari, nauli na posho ya kikao, wakabandika vikaratasi vya rangi ukutani. Sina ugomvi na soda. Shida ni kwamba wanaokuja ni walewale wanaokuja kila mara, na hotelini hakuna kisima wala foleni, hivyo kila mtu anazungumzia kitu kisichokuwepo mbele yake. Kaa nao chini ya mwembe karibu na kisima. Kama unalipa fidia ya muda wa watu, ilipe kwa uwazi na kwa kiwango kimoja kwa wote. Kama hulipi, liseme hilo kabla ya mkutano. Watenge pia kwa makundi, kwa sababu msichana wa miaka kumi na minne hatasema neno mbele ya wazee na mtunza kisima. Wasichana wakae na dada wanayemwamini, wauza maji wakae peke yao, halafu mawazo yaletwe pamoja bila kutaja nani alisema nini.

Asiyejua kusoma asitengwe kwa sababu ya zana zako. Ramani inaweza kuchorwa ardhini kwa kijiti, mawe yakawa nyumba na majani yakawa visima. Saa za siku zinaweza kupangwa kwa mistari kumi na miwili, kila mtu akaweka punje ya harage kwenye saa anayochota maji. Lundo la maharage kwenye mstari wa kwanza wa asubuhi litaeleza foleni vizuri kuliko chati yoyote ya kompyuta, na litaelezwa na wenyewe.

Kwenye mfano wetu, mawazo yatakayokuja yatakuwa kama haya: kisima kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri na kifungwe saa mbili usiku; wauza maji wapewe saa za mchana peke yao na walipe zaidi kwa kila jerikeni; kuwe na zamu ya mtunza kisima wa pili jioni; wazee na watu wenye ulemavu wapitishwe mbele; kila kaya iwe na chombo cha kuhifadhi maji ya jioni. Kutakuwa na atakayesema wauza maji wafukuzwe kabisa. Lijadili wazo hilo kwa makini kabla ya kulipokea, kwa kuwa huenda kikongwe anayeishi juu ya kilima hunywa maji kwa sababu tu kuna kijana wa baiskeli anayempelekea. Anayeonekana kuwa chanzo cha tatizo kwa mmoja ni huduma kwa mwingine, ndiyo maana karatasi yako ya nani anapata na nani anapoteza haipaswi kuwa mbali.

Uganda ina mfano mzuri wa kubuni kwa vitu vilivyopo. Mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alipolitazama tatizo la wasichana wanaokosa shule wakati wa hedhi kwa sababu taulo za kike za dukani ni ghali, hakuanza na kiwanda kikubwa. Alitengeneza taulo zilizoitwa MakaPads kwa mafunjo, mmea unaojaa kwenye mabwawa yetu, pamoja na karatasi zilizotumika. Mafunjo hukatwa, hupondwa na kukaushwa juani, kazi ambazo mtu anaweza kuzifundishwa bila kuwa na elimu ya juu, na wakimbizi wa makazi ya Kyaka II wilayani Kyegegwa walipata ajira katika utengenezaji huo. Musaazi alifikiria pia mwisho wa safari ya taulo hiyo, akasanifu tanuri dogo la kuzichomea shuleni, maana msichana asiyekuwa na mahali pa kuitupa atakaa nyumbani hata ukimpa taulo bure. Tazama jinsi malighafi, wafanyakazi, bei na utupaji vilivyosanifiwa kwa pamoja. Kuitazama taulo peke yake ni kuiona nusu ya kazi.

Jaribu kwa bei ya chaki

Jaribio la kwanza linapaswa kuwa la bei ndogo kiasi kwamba likishindwa hakuna atakayelitetea kwa sababu ya fedha zilizotumika. Kwa kisima chetu, chora mistari miwili ya chaki kwenye zege, mmoja wa nyumbani na mmoja wa baiskeli, badilisha saa za kufuli kwa wiki moja, umlipe mtunza kisima wa jioni kwa wiki hiyo, na uendelee kuandika daftari lako kama mwanzo. Waambie watu wazi kwamba ni jaribio na lina tarehe ya mwisho. Halafu tazama kitakachokwenda kombo: pengine akina mama wataogopa kurudi gizani na utahitaji kufikiria taa au kutembea kwa makundi, pengine wauza maji watawatuma watoto wao kwenye mstari wa nyumbani. Mambo hayo hayajulikani mezani.

Kifaa kinachofaa kujifunzia hatua hii ni kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia mikono ambacho mbinu yake ilienea kutoka Zimbabwe na sasa kipo karibu na vyoo vingi vya vijijini Uganda. Unachukua jerikeni ya lita 5, unatoboa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya mfuniko, unaining'iniza kwenye ufito kati ya nguzo mbili, na unafunga kamba kutoka shingoni mwake hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, jerikeni inainama na maji yanachirizika. Mikono haigusi chochote. Karibu kila kitu kinachoweza kukifanya kishindwe ni cha kijamii. Jerikeni huibiwa kwa kuwa ina matumizi mengine. Basi watu wakaongeza matundu sehemu ya juu ili isifae kubebea mafuta wala pombe. Sabuni ya kipande nayo hutoweka, au huliwa na kunguru. Basi wengine huitoboa na kuifunga kwa kamba chini ya kopo linaloikinga na mvua, na wengine huweka maji ya sabuni ya unga kwenye chupa yenye tundu kifunikoni. Kamba ya katani hukatika baada ya muda mfupi, ukanda wa mpira wa baiskeli hudumu zaidi. Kila rekebisho kati ya hayo lilitoka kwa mtu aliyekitumia, si kwa aliyekichora.

Linganisha na PlayPump ya Afrika Kusini, bembea ya mzunguko iliyounganishwa na pampu, ambayo ilitakiwa kupandisha maji kwenye tangi kwa nguvu ya watoto wanaocheza. Mwaka 2006 ilipata ahadi kubwa za fedha nchini Marekani kwa lengo la kufunga pampu 4,000 katika nchi kadhaa za Afrika kufikia mwaka 2010. Lengo halikufikiwa na mpango ukasimama. Watoto hawachezi saa zote ambazo watu wanahitaji maji, hivyo akina mama waliishia kuisukuma bembea wenyewe. Ilipoharibika, matengenezo yalimtaka fundi wa kampuni kutoka mbali. Na bei yake ilizidi sana ile ya pampu ya mkono ya kawaida. Kama mtu angekaa kisimani kwa wiki moja na daftari, hayo yote yangejulikana kabla ya pampu ya kumi.

Kusanifu matengenezo

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uipe muda mwingi. Pampu ya mkono iliyozoeleka Uganda ni ya aina ya U2, iliyotokana na India Mark II. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ni ileile karibu kila wilaya, hivyo mafundi wa pampu wanaifahamu na vipuri vinatafutika. Ukileta pampu ya aina nyingine kwa sababu mfadhili anaipenda, umeivunja faida hiyo siku uliyoifunga. Kanuni hiyohiyo inahusu majiko, taa za jua na baiskeli za wagonjwa: kabla ya kuchagua, nenda kwenye mji mdogo ulio karibu, ingia madukani, uulize kama kipuri kinachoharibika kwanza kipo rafuni na kinauzwa shilingi ngapi. Kama hakipo, unachagua kifaa kingine, au unasanifu pia njia ya kumfanya mwenye duka akiweke.

Fedha nazo zisanifiwe kama kifaa. Kila kaya kati ya zile 60 ikichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, mfuko unapata shilingi 60,000 kwa mwezi na 720,000 kwa mwaka, kabla ya kile wauza maji wanacholipa kwa jerikeni. Uliza fundi wa pampu matengenezo ya kawaida ya mwaka yanagharimu kiasi gani, ulinganishe. Kisha jadili maswali yanayovunja kamati: nani anaweka fedha, nani anaandika, nani anasoma hesabu mbele ya watu, na kaya isiyo na uwezo inasamehewa kwa utaratibu gani. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeshayatatua mengi ya maswali haya kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Azima utaratibu ambao watu tayari wanauamini kuliko kuanzisha mwingine.

Matengenezo yana pia mnyororo unaovuka mipaka ya kijiji. Bwaise, Kampala, ni bonde lenye maji karibu na uso wa ardhi, hivyo vyoo vya shimo hujengwa vikiwa vimeinuliwa kwa ngazi, hujaa haraka, na magari makubwa ya kunyonya hayapiti kwenye vichochoro. Pampu ya mkono iitwayo Gulper ilileta nafuu kwa sababu mafundi wawili wanaweza kuibeba hadi mlangoni na kutoa uchafu bila kuingia shimoni. Lakini uchafu uliotolewa lazima uende mahali, na mahali pakiwa mbali au pakiwa ghali, fundi ataumwaga mtaroni usiku. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014 kwa kusafisha majitaka na uchafu wa vyoo, ni sehemu ya usanifu wa choo cha Bwaise hata kama mwenye choo hajawahi kuuona. Unapochora suluhisho lako, endelea kuchora mpaka ufike mahali ambapo taka, fedha na kipuri vinaishia.

Kuhusu programu za simu

Vijana wengi wanaoingia kazi hii hufikiria kwanza programu ya simu. Wakati mwingine wako sahihi. U-Report, huduma ya UNICEF ya kukusanya maoni ya vijana iliyoanzishwa Uganda mwaka 2011, iliwafikia vijana wengi kwa sababu ilitumia ujumbe mfupi usiolipiwa na simu yoyote ya kawaida. Lakini kumbuka kwamba mwaka 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na ingawa iliondolewa mwaka 2021, badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Mama mwenye simu ya tochi anayoiwasha jioni tu hawezi kuwa mtumiaji wa programu yako. Kwa foleni ya kisima, ubao na chaki vinatosha.

Kupima na kukabidhi

Pima kile ulichokiandika kwenye sentensi yako. Kama ulisema wasichana watafika shuleni mapema, nenda kwa mwalimu uangalie daftari la mahudhurio kabla na baada, usiridhike na urefu wa foleni. Pima pia ambacho hukukusudia: je, bei ya maji ya baiskeli imepanda kwa kikongwe wa kilimani? Je, mtunza kisima wa jioni analipwa, au anajitolea kwa matumaini?

Makabidhiano yawe na karatasi moja kwa Kiswahili wanachokisema, itakayobaki ndani ya sanduku la kamati. Iandikwe aina ya pampu, kina cha kisima, vipuri vinavyochakaa kwanza na bei zake, duka vinakopatikana, namna ya kumpata fundi, kiwango cha mchango, na majina ya wenye funguo. Isomwe kwa sauti mbele ya wote, pamoja na wauza maji. Halafu panga kurudi baada ya msimu wa mvua, bila taarifa ya siku nyingi na bila mpiga picha, uombe kuona daftari la fedha kabla ya kuitazama pampu. Ukikuta michango imeandikwa mpaka mwezi fulani na kurasa zinazofuata ni tupu, ahirisha mazungumzo yoyote ya mradi mpya, ukae na kamati mjue ni nini kilitokea mwezi ule.